Vifaranga wa bata wanaoshindwa kusimama

Swali: Daktari, hujambo. Mimi ni mama mfugaji wa hapa Arua, Uganda. Kuku wangu aliatamia mayai ya bata na kuangua vifaranga tisa. Nawalisha chakula cha vifaranga wa kuku nikikichanganya na pumba za mahindi ili kisiishe upesi. Sasa wana wiki mbili, na watatu hawasimami. Miguu imepinda ingawa wanakula. Jirani anasema ni kideri, niwachinje kabla kuku wangu kumi na wawili hawajaambukizwa. Nifanyeje?

Jibu: Usiwachinje, mama. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, kingeanza na kuku wako: wangeharisha kinyesi cha kijani, wangepinda shingo na kufa mfululizo, ilhali bata mara nyingi hubeba virusi hivyo bila kuugua. Kifaranga wa bata anayekula vizuri, mwenye macho maangavu, lakini anayeketi kwa sababu miguu imepinda, kwa kawaida amepungukiwa na niasini, ambayo ni vitamini B3.

Kifaranga wa bata huhitaji takriban miligramu 55 za niasini katika kila kilo ya chakula, na wa kuku hutosheka na 27 hadi 35. Chakula ulichonunua hakikutengenezwa kwa ajili ya bata, nawe umekipunguza nguvu zaidi kwa pumba, kwa kuwa niasini iliyomo katika mahindi imefungamana kiasi kwamba utumbo wa ndege hauwezi kuipata ipasavyo. Hii ndiyo sababu kuku wanaokula chakula hicho hicho hawaoneshi dalili yoyote.

Anza leo. Nunua katika duka la dawa za mifugo unga wa vitamini ambao kibandiko chake kinataja niasini, uuyeyushe katika maji yao ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa, na uyabadilishe kila siku. Acha pumba kabisa kwa sasa; badala yake ongeza mukene, yaani dagaa wakavu, waliopepetwa mchanga na kusagwa, kwa maana samaki wana niasini nyingi ambayo mwili huitumia kwa urahisi. Wagonjwa wawekee chakula na maji karibu, juu ya maranda makavu yasiyoteleza. Wakiwahiwa, huanza kunyanyuka ndani ya siku chache. Lakini ikiwa kano imekwisha kuteguka kwenye kiungo, mguu huo haurudi, na sitakupa matumaini ya uongo.

Hata watakapopona, usiwape kamwe mahindi, pumba au karanga zenye ukungu. Bata wachanga ni miongoni mwa ndege wanaodhurika haraka zaidi na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, na kiasi ambacho kuku angekistahimili kinaweza kuwaua.

Kuhusu kuwafuga bata na kuku pamoja, tatizo lako kubwa litakuwa maji. Bata huhitaji chombo chenye kina cha kutumbukiza mdomo mzima ili asafishe pua na macho, naye humwaga zaidi ya anavyokunywa. Banda likilowa, kuku hupata koksidiosi, ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na vimelea vya utumbo. Chombo hicho kiweke nje, juu ya kokoto, na usiku bata walale sehemu yao. Kwa sasa kiwe cha kina kifupi chenye mawe ndani, kwa sababu vifaranga walioanguliwa na kuku hulowa upesi, wakashikwa na baridi na kufa.

Kuku wachanjwe dhidi ya kideri kwa ratiba, wakiwa wazima. Na bata wakikomaa, usibaki na dume asiye na majike wa kutosha, kwani atawapanda kuku na kuwajeruhi. Dume mmoja kwa majike wanne au watano anatosha, na madume wa ziada ndio wa kuchinja.