Kwa mtendaji mpya wa kijiji: taarifa ifike hadi kitongoji cha mwisho

Wiki yako ya kwanza kituoni, kabla hujaitisha kikao chochote, omba faili la mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji. Soma mikutano minne iliyopita, na usianze na ajenda za ardhi wala michango. Anza na "yatokanayo", yaani mambo yaliyobaki kutoka mkutano uliotangulia. Ukikuta yatokanayo yameandikwa kwa mstari mmoja, "wajumbe walijadili na kuridhia", ujue wananchi wa hapo wameshazoea kuuliza bila kujibiwa, na mkutano wako wa kwanza utajaa maswali ya miaka miwili nyuma. Yaorodheshe maswali hayo mapema: nani aliuliza, aliahidiwa nini, limefikia wapi. Hata pale jibu ni "bado", liseme wewe kabla hujaulizwa.

Maelezo haya tunawaandikia watendaji wanaopangiwa vijiji vya Kigoma, iwe mwambao wa ziwa upande wa Uvinza au milimani Kasulu, Buhigwe na Kibondo. Sheria ni moja Tanzania Bara nzima. Namna ya kumfikia mwananchi ndiyo inabadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Kalenda kwanza. Halmashauri ya kijiji hukutana kila mwezi, mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, kwa hiyo robo zinafungwa mwishoni mwa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Funga hesabu wiki ya kwanza baada ya robo, zipitishe kwenye kamati ya fedha na mipango, kisha halmashauri ya kijiji, ndipo zifike mkutano mkuu. Ukiruka kamati, wajumbe wako wenyewe watazisikia hesabu kwa mara ya kwanza pamoja na umma, na watakuwa wa kwanza kuzikana.

Tarehe usiipange kwa kuangalia kalenda ya ukutani peke yake. Mwambaoni, wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kukarabati mitumbwi. Mkutano ukiitishwa siku za giza, wanaume wengi wamelala baada ya kukesha majini na wanawake wako kwenye vichanja wakigeuza dagaa. Panga siku za mbalamwezi, saa nane mchana. Milimani, msimu wa kupanda mahindi na maharage watu hurudi kutoka shambani mchana, kwa hiyo mkutano wa saa tatu asubuhi utahudhuriwa na wazee wachache na wenye maduka. Siku ya gulio usiitishe mkutano kabisa, ila ndiyo siku bora ya kutangaza, maana watu wa vitongoji vya mbali wamekuja wenyewe. Ukitokea msiba, ahirisha, na tarehe mpya itangaze hapohapo msibani kwa ruhusa ya wafiwa.

Toa tangazo siku saba kabla. Lisiishie kwenye mlango wa ofisi. Lipeleke zahanati, shuleni, kwenye mashine ya kusaga, mwaloni ambako mitumbwi hushusha samaki, na nakala zisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Kila mwenyekiti wa kitongoji apokee nakala yake na kusaini kwenye daftari la kupokea barua. Sahihi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: siku kitongoji kizima kikisema "hatukuambiwa", utajua kama barua ilikwama kwako au kwa mwenyekiti. Jioni ya kuamkia mkutano piga mbiu. Ndani ya tangazo taja ajenda zote kwa majina. Ukiandika "mkutano muhimu, wote mhudhurie", watu wanadhani ni mchango mpya, na wanabaki nyumbani.

Sasa ubao wa matangazo. Vijijini mbao nyingi ni kipande cha plaiwudi kilichopigiliwa ukutani, karatasi zimekunjamana na wino umechuja. Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kwenda hadi Mei, kwa hiyo ubao usio na paa unafanya kazi miezi michache tu kwa mwaka. Fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza wa maana: mbao, kipande cha bati kilichotokeza mbele kama kofia, na mlango mdogo wa wavu wenye kufuli. Funguo ziwe mbili, moja kwako na nyingine kwa mwenyekiti wa kijiji. Wavu unazuia karatasi kuchanwa, na kufuli linakulinda wewe pia, kwa sababu hakuna atakayesema uliichomoa taarifa baada ya siku moja. Andika kwa kalamu ya maka isiyofutika, herufi za kusomeka mtu akiwa hatua tatu. Ubao uwekwe usawa ambao mtoto wa shule ya msingi anaweza kusoma, kwani nyumba nyingi wazee husomewa na wajukuu.

Kinachobandikwa kwanza ni taarifa ya mapato na matumizi, na hapa ndipo watendaji wengi wapya wanapoharibikiwa, mara nyingi kwa uandishi mbaya zaidi kuliko wizi. Tuchukue mfano wa kubuni wa robo ya Oktoba hadi Desemba. Salio la robo iliyopita 185,000. Pango la vibanda vya kijiji sokoni 240,000. Mchango wa boma la darasa 412,000. Jumla ya mapato 837,000. Matumizi: saruji mifuko 12 kwa 24,000, sawa na 288,000, kusafirisha saruji kutoka stesheni hadi shuleni 36,000, karatasi, kalamu na daftari 18,500. Jumla ya matumizi 342,500. Salio 494,500, kati yake benki 470,000 na mkononi 24,500.

Mtendaji mwingine angeandika "ununuzi wa vifaa 342,500" akamaliza. Hesabu ni ileile, lakini mkutano utavunjika. Mwananchi aliyechangia elfu mbili anataka kuona idadi na bei ya kimoja, ili alinganishe na bei anayoijua dukani. Ongeza mstari mmoja chini: "Mifuko iliyopokelewa 12, iliyotumika 9, iliyopo stoo ya shule 3." Mstari huo unamruhusu mtu yeyote aende stoo kuhesabu, na watakwenda, na ni vizuri waende. Mradi ukiendeshwa kwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, taja jina la kamati iliyopokea na tarehe ya kupokea. Shule na zahanati zina akaunti zao. Fedha ya serikali ikiingia huko, mkuu wa shule au mganga aandike kiasi, tarehe na kazi iliyokusudiwa, nawe ubandike pembeni ya taarifa ya kijiji bila kuzichanganya. Mapato yasipokuwepo, andika sifuri. Robo isiyo na fedha nayo ina taarifa yake, na ubao mtupu huleta uvumi.

Usitumie fedha mbichi, yaani makusanyo ambayo hayajapita benki. Kila shilingi ikatiwe stakabadhi, iende benki, kisha itoke kwa muhtasari na sahihi. Kishawishi kinakuja hivi: benki iko mbali, nauli ni kubwa, na fundi anadai leo. Ukimlipa kutoka mfukoni mwa makusanyo, hata kama kazi imefanyika, taarifa yako haitalingana na karatasi ya benki na hoja ya ukaguzi itabaki na jina lako.

Ardhi ina uzito wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida na kusikiliza maoni ya wananchi, na haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Kwa hiyo ardhi ni ajenda ya kudumu, hata pasipo na ombi. Akija mwombaji, tangazo litaje ukubwa, mahali, mipaka na matumizi yanayokusudiwa. Kamwe usikubali ombi la ardhi liingizwe kwenye "mengineyo" saa kumi na mbili jioni, wakati nusu ya watu wameshaondoka na wafugaji wa upande wa pili hawakujua kama litajadiliwa. Migogoro mingi ya wakulima na wafugaji huanzia kwenye kikao cha namna hiyo.

Hapo inaingia karatasi ya mahudhurio. Watu wengine hukataa kuisaini, na wana sababu: karatasi tupu yenye majina na sahihi inaweza kubandikwa kwenye muhtasari mwingine kabisa na kuonekana kama kijiji kimeridhia jambo ambalo hakikulisikia. Juu ya kila ukurasa, si wa kwanza pekee, andika jina la mkutano, tarehe, na ajenda zote kwa kifupi. Weka namba za kurasa. Mkutano ukiisha, piga mstari chini ya jina la mwisho, andika jumla ya waliohudhuria, wanawake na wanaume, kisha wewe na mwenyekiti msaini palepale mbele ya watu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Sheria ndogo hazihitaji maneno mengi: kijiji hupendekeza, mkutano mkuu hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Kabla ya idhini hiyo huna mamlaka ya kutoza faini hata ya mbuzi mmoja aliyeingia shambani.

Barua kutoka wilayani usiibandike kama ilivyo. Lugha yake imeandikiwa watumishi. Itafsiri kwa maswali ambayo mwananchi atauliza: ni jambo gani, linamhusu nani, mwisho lini, aende wapi na aende na nini, analipa au halipi. Chini andika kumbukumbu namba na tarehe ya barua. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya: wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2, na haina riba. Usipoeleza kwamba hakuna anayepaswa kulipia fomu, atatokea wa kuziuza. Au chukua kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Tarehe ya namna hiyo ikifika mwaloni imechelewa wiki moja, mvuvi ameshakopa mafuta na chakula cha safari. Ujumbe wa simu usio na barua nyuma yake usiutangaze, hata umetumwa na mtu unayemheshimu. Piga simu kwa mtendaji wa kata uthibitishe.

Mkutano uendeshwe kwa Kiswahili na muhtasari uandikwe kwa Kiswahili, ila mzee akiuliza kwa Kiha ajibiwe kwa Kiha, na jibu liandikwe. Kama husemi Kiha, mpe nafasi mwenyekiti wa kitongoji chake aeleze, kisha muulize mzee mwenyewe amesikia nini.

Asubuhi ya siku inayofuata, kabla ya kazi nyingine, bandika maazimio kwenye ubao: jambo, mhusika, tarehe ya kukamilisha. Nakala ya muhtasari ipeleke kwa mtendaji wa kata mapema, ili iingie kwenye kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na ndiye anayelibeba jambo kwenda baraza la madiwani. Ukichelewa kwa siku mbili tu, daraja lililoombwa na kitongoji linasubiri robo nyingine, na mvua hazitasubiri.