Watoto na mama mkwe kwenye baa ya kijijini, pwani ya Norfolk: uzoefu wangu

Dada uliyeuliza kama ni sawa kuingia na watoto wawili na mama mkwe kwenye baa ya kijijini kule pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, maana wenyeji wenu wamewaalika chakula cha Jumapili na mama akisikia neno "baa" uso unabadilika: nendeni. Naishi Norwich, mji mkuu wa Norfolk, mwaka wa tisa sasa. Wanangu wamekulia kwenye hizo baa, na mama yangu mzazi, mtu wa Pangani asiyekosa swala, amekula huko mara tatu.

Kwanza weka pembeni baa ya kwetu, ile ya muziki mkubwa na kreti za bia, ambako mtoto akionekana watu wanauliza wazazi wake wako wapi. Pabu, yaani baa ya kijijini Uingereza, ni kitu kingine. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote, na vijiji vingine havina tena duka wala posta, hiyo pabu ndiyo iliyobaki. Utakuta bibi anakunywa supu yake peke yake dirishani, mbwa kalala chini ya meza, watoto wanachora kwa penseli walizopewa kaunta. Sigara ndani ni marufuku tangu Julai 2007. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 kuingia akiwa na mtu mzima, ila mwenye baa anaweza kuweka masharti yake, na nyingi zinataka watoto wawe wameondoka ikifika saa mbili au saa tatu usiku.

Kilichonitesa mimi mwanzoni ni saa. Tulikuwa tumetoka kijiji cha Morston kwenye boti, tumeenda kuona sili (wanyama wa baharini, kwa Kiingereza "seal") wa Blakeney Point, upepo umetupiga mpaka masikio yanauma. Tukafika baa saa nane na dakika arobaini mchana. Moto unawaka, watu wanakunywa, meza zipo tupu, lakini jiko lilishafungwa saa nane na nusu mpaka saa kumi na mbili jioni. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu alilia njia nzima ya kurudi, mkononi kashika pakiti ya krispi. Kwa hiyo pigeni simu mapema, ulizeni jiko linafunga saa ngapi, na semeni mnahitaji kiti cha mtoto. Jumapili ndiyo usithubutu kwenda bila kuweka meza, kwa sababu ile nyama ya kuoka ikiisha imeisha.

Mkifika, msikae kusubiri mhudumu. Sehemu nyingi mnatafuta meza, mnashika namba yake, mmoja anakwenda kaunta kuagiza na kulipa hapo hapo. Foleni huioni, lakini kila mtu pale anajua nani katangulia, na kumpita mwenzio ni utovu wa adabu mkubwa kwao. Maji ya bomba wanatakiwa kisheria kukupa bure, omba jagi zima.

Sasa chakula, na hapa naomba usome taratibu kwa ajili ya mama mkwe, kama naye ni Mwislamu kama mama yangu. Nyama si halali isipokuwa wameandika. Soseji kwenye menyu ya watoto, kama haina maelezo, hesabu ni ya nguruwe. Hilo watu wengi wanalikosa kwa sababu inakuja na viazi vya kuponda na njegere, inaonekana haina neno. Samaki wa kukaanga naye ana mtego: rojo la unga wanalomchovyea mara nyingi limekorogwa kwa bia. Chipsi, baadhi ya jikoni wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na hata wakitumia ya mimea, uliza kama kikaango hicho hicho kinaingia soseji. Kome wa Brancaster ni watamu sana miezi ya baridi, ila mara nyingi hupikwa kwa mvinyo mweupe au sida, pombe ya matufaha. Usione haya kuuliza. Wamezoea maswali, maana sheria inawataka waweze kumwambia mteja vitu 14 vinavyoleta mzio vikiwemo kwenye chakula. Pombe haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo itaje mwenyewe kwa jina.

Chakula cha usalama kwetu siku zote ni samaki wa kuchoma au wa siagi bila unga, au kiazi kizima cha kuoka na maganda yake, kimepasuliwa katikati na kujazwa jibini na maharage. Wanangu wanapenda kaa wa Cromer. Ni wadogo, nyama yao ina utamu, wanavuliwa kwenye mwamba wa chokaa ulio chini ya bahari pale. Nyama inatolewa yote, inasafishwa, kisha inarudishwa ndani ya ganda, nyeupe upande mmoja na ya kahawia upande mwingine, inaletwa na mkate na siagi.

Mama yangu yeye hali kaa. Tulimwagizia samaki bapa wa kuchoma, tukakaa bustanini kwa sababu hakutaka meza yenye pombe jirani, na mhudumu alituhamisha bila kuuliza mara mbili. Pembeni ya samaki waliweka vijiti vya kijani vimechemshwa, vinang'aa siagi. Wanaviita samphire, vinaota kwenye matope ya bahari maji yakipwa, na msimu wake ni kiangazi. Kila kijiti kina kiini kama uzi. Mama alikishika kwa vidole, akakivuta katikati ya meno, nyama ikabaki mdomoni na uzi mkononi. Akatafuna kimya, kisha akasema, "Mbona hii ni mboga ya pwani?" Akamaliza zote, akaomba na za mjukuu wake. Nilifurahi kupita kiasi. Siku nne alikuwa hapa anakula kwa kunilinda moyo tu, na siku ile alikula kwa hamu.

Bei si ya mama ntilie, ila watoto wana sahani zao ndogo, na ukiomba nusu ya sahani ya mkubwa wengine wanakubali. Bahashishi kaunta hawategemei.

Chukueni makoti hata kama ni Julai, bustanini upepo wa bahari hauchezi. Ukishajua kijiji mnachofikia na mwezi mnaokuja, andika hapa nikueleze boti za sili zinatoka saa ngapi, kwa sababu zinafuata maji kujaa na kupwa, na saa ya kula lazima uipange kwa hizo.