Swali la lugha: Tozo inawezaje kuwa ya hiari?

Msomaji mmoja anauliza: “Ninatafsiri maelezo kuhusu asilimia 1 inayoongezwa kwenye bili za watalii Afrika Kusini ili kugharimia kuitangaza nchi hiyo. Malipo hayo hayakuwekwa na sheria. Kampuni hujiunga zikipenda. Niliandika ‘tozo ya hiari’, mhariri akaifuta, akisema kinachotozwa hakiwezi kuwa cha hiari. Niandike kodi, ushuru, ada au mchango?”

Irudishe “tozo ya hiari”. Mhariri ameona jambo la kweli, ila ameishia njiani.

Tozo hutokana na toza, na toza ni toa katika kauli ya kutendesha, kama jaa inavyozaa jaza na poa ikazaa poza. Kumtoza mtu ni kumfanya atoe. Shuruti, basi, imo ndani ya neno lenyewe, na hapo mhariri hajakosea. Lakini kitenzi hiki kina watu wawili, mtozaji na mtozwaji, nasi hatuna budi kuuliza hiari ni ya nani kati yao. Katika utaratibu huo, unaojulikana kwa kifupi kama TOMSA, hoteli au kampuni ya kukodisha magari huamua yenyewe kujiunga. Ikishajiunga, humtoza mteja asilimia 1, kisha huziwasilisha fedha hizo kwa baraza la wafanyabiashara wa utalii, TBCSA, nalo huzipeleka South African Tourism, shirika linaloitangaza nchi kwa watalii. Mwenye hiari ni mtozaji. Anayetozwa ni mgeni. Maneno hayo mawili hayagombani.

Kwa sababu hiyo hiyo siupendi “mchango”, ingawa unasikika mpole. Anayechanga hutoa chake. Ukiandika “hoteli huchangia asilimia 1”, msomaji ataamini kwamba hoteli imemega faida yake, kumbe fedha zimetoka mfukoni mwa mgeni. Hilo si kosa la mtindo tu, ni kosa la hesabu. Uweke “mchango” pale ambapo kampuni inalipa kwa fedha zake yenyewe.

Kodi na ushuru ni vya dola, na “kodi ya hiari” itamfanya msomaji adhani umekosea chapa. Ada hulipiwa huduma. Mgeni akiona “ada” kwenye bili atatafuta huduma aliyoipata, asiione, maana fedha hizi zinakwenda kuwaita wageni wengine.

Neno “hiari” lina kazi nyingine pia: kutenganisha. Kenya nayo ina tozo ya utalii, asilimia 2, lakini ile imewekwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na biashara inayohusika haina la kuchagua. Ukiziita zote mbili “tozo” bila kivumishi, tofauti kubwa inapotea.

Mara ya kwanza, fafanua: “tozo ya hiari, ambayo kampuni za utalii huchagua zenyewe kuwatoza wateja wao”. Baada ya hapo “tozo ya hiari” inatosha. Na uandike “tozo hii imewasilishwa”, si “tozo hili limewasilishwa”. Tatizo na agizo, yaliyoundwa kwa njia hiyo hiyo, yamo katika ngeli ya LI-YA, lakini matumizi yaliyoenea yameiweka tozo katika I-ZI.