Jibu: Namba za nguvu ya mabomba ya chuma, tuamini zipi?

Ndugu, tovuti mbili kukupa namba tofauti za bomba la 4130 (aina ya chuma chenye kromiamu na molibdeni kidogo) si ajabu. Huenda zote ni sahihi. Chuma kilekile kikipashwa moto na kupoozwa polepole hulainika, kikivutwa kikiwa baridi hukakamaa. Jedwali lisilotaja hali hiyo lipuuze tu.

Anza na kiwango chenyewe. EN 10219, kiwango cha Ulaya cha mabomba yanayoundwa chuma kikiwa baridi, kwa mfano, inaitaka S355J2H (daraja mojawapo la chuma) ivumilie mkazo wa angalau MPa 355 (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kupinda bila kurudi, kwa unene usiozidi mm 16. Hicho ni kima cha chini, na ndicho cha kukokotolea. Kisha mdai muuzaji cheti cha 3.1 cha EN 10204 (kiwango cha Ulaya cha vyeti vya ukaguzi), chenye matokeo halisi ya vipimo, ukilinganishe na alama za bomba lenyewe. Moduli ya unyumbufu (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyooka) isikusumbue: ni karibu GPa (gigapaskali) 210, haibadiliki sana. Ila ukichomelea, sehemu iliyo karibu na kiungo haifuati tena jedwali.