Nilifunga "support" nikaacha "msaada" wazi

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, "kaka kila nikijiandikisha kwa jina la admin nakataliwa, hawa jamaa wanabania nini?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala, maana jibu lake mimi nilishalilipia.

Miaka mitatu iliyopita kuna bosi alinipa kazi ya tovuti ya wauza nguo wa Kariakoo, kila muuzaji anachagua jina na hilo jina ndo linakuwa anwani ya duka lake. Mambo ya kuandika programu tuyaruke. Majina ya kuzuia, yaani yale ambayo mtumiaji haruhusiwi kuyachukua kwa sababu ni ya tovuti yenyewe, nilikuwa nayo, sikuwa mjinga kihivyo, nilichukua orodha ya intaneti, admin, root, login, support, yote humo. Shida orodha ni ya Kiingereza na tovuti yangu nzima ni ya Kiswahili! Yaani "support" imepigwa kufuli, "msaada" iko wazi.

Wa kwanza alikuwa dada muuza vitenge, hana baya, kajiita "mpya". Na mimi ukurasa wa bidhaa mpya niliuweka kwenye anwani hiyohiyo, halafu kwenye programu nikatanguliza mstari unaotafuta maduka kabla ya ule wa kurasa zangu, basi kila anayebonyeza Bidhaa Mpya anatua kwa dada. Aliuza siku hiyo mpaka akanipigia kunishukuru, nami sielewi nashukuriwa nini.

Wa pili ndo aliyeniumiza. Kajiita "msaada", kaweka na nembo yetu, akaanza kuwaandikia wauzaji kwamba akaunti yako inafungwa, elfu ishirini ya kuifungua tuma kwenye namba hii. Watu wakatuma! Anwani si ni ya tovuti yetu kabisa? Bosi akanilipa nusu, kazi akampa mtu mwingine, na mpaka leo simu yangu hapokei. Bado inaniuma, sitawaficha.

Na msidhani ni sisi tu. Mwaka 2015 kule Finland mtu alifungua barua pepe kwa jina la hostmaster kwenye live.fi, anwani ya barua pepe za Microsoft, hawakuwa wamelizuia. Sasa kampuni zinazotoa vyeti vya usalama, vile vinavyoithibitishia brauza kwamba imefika kwenye tovuti yenyewe, zinaweza kumhakiki mwenye tovuti kwa kutuma imeili kwenye majina kama admin, webmaster au hostmaster. Jamaa akaomba cheti cha live.fi akapewa, Microsoft ikabidi itangaze kwamba cheti hicho kisiaminiwe. Na hostmaster imeandikwa tangu 1997 kwenye RFC 2142, waraka wa wazi wa intaneti unaotaja majina ya barua pepe ya kazi maalum, sio siri ya mtu.

Kwa hiyo wewe unayejenga chako, nisikilize. Zuia kila neno lililopo kwenye menyu yako, kwa lugha ya menyu yako, na yale unayopanga kuja kuyatumia, ingia, malipo, huduma. Geuza yote herufi ndogo ndo ulinganishe, maana Msaada na msaada mteja anaona kitu kimoja. Zuia kabla hujafungua. Narudia, kabla, maana ukishampa mtu jina kumnyang'anya ni kesi.

Dada wa vitenge nilimbembeleza abadilishe akagoma, kashachapisha mifuko. Ikabidi nihame mimi, ukurasa nikauita "zilizoingia". Mifuko yake naiona Kariakoo mpaka leo.