Kabla hujaiuliza dunia, muulize binti yako mkubwa

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinijia barazani, mtoto mmoja mgongoni, mwengine kamshika mkono. Nilikuwa kwenye charahani natia lasi mtandio wa mtu. Akakaa, akanyamaza, kisha akasema: "Shangazi, hivi sisi tukizaa wengi tunawakosea watu?"

Kumbe simuni amekutana na watu wanaobishana kwamba dunia imejaa, na mwenye kuzaa wengi anawadhulumu wenziwe. Ndani ya nyumba nako mume anataka kumi kama alivyozaa baba yake, na mama mkwe anahesabu miezi. Mtandio ulikuwa wa harusi ya siku ile ile, kwa hiyo nilimjibu hovyo hovyo akaondoka. Jibu lenyewe ndilo hili, na kama na wewe limekukaa kooni, lisome.

Nianze na hiyo dunia. Miaka ya nyuma nilikuwa nashona mapazia ya nyumba moja ya wageni huku Pemba. Mgeni mmoja, Mmarekani, akaniuliza tumezaliwa wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja. Akapiga mluzi, akasema hiyo ndiyo shida ya ulimwengu. Sikuwa na la kumjibu, nikaendelea kupima dirisha. Sasa ningemjibu. Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutoa zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Tutie sote kumi na mmoja, na mama na baba juu yake, bado hatumfikii yeye peke yake, na hapo sijahesabu ndege iliyomleta kuogelea. Watu walipotangazwa kufika bilioni 8, Novemba 2022, niliona mitandaoni picha za wanawake weusi wamebeba watoto. Picha ya mtu na magari yake matatu sikuiona.

Kwa hiyo, mwanangu, hilo la kuibeba dunia nzima kwenye tumbo lako litue.

Lakini usiondoke bado, maana hiki ni kisiwa. Mimi nimezaliwa mwaka wa sensa, 1978. Mwaka ule Unguja na Pemba pamoja tulihesabiwa watu 476,111. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Karibu mara nne, katika umri wangu mimi ambaye bado natia uzi kwenye sindano bila miwani. Ni kama watu 768 kwa kila kilomita moja ya mraba, wakati bara wastani haufiki mia. Na bahari haisogei. Ikisogea, inasogea kuja kwetu. Waulize wanaolima mpunga mabonde yaliyoingiwa na maji ya chumvi.

Baba alipofariki aliacha shamba la eka tatu. Baada ya Mapinduzi watu waligawiwa eka tatu tatu, ikahesabika kwamba kipande hicho kinamtosha mtu na familia yake. Tukakaa na shekhe, karatasi na kalamu. Mama akatoka na thumni yake, yaani sehemu moja ya nane. Kilichobaki kikagawiwa mafungu kumi na saba: wanaume sita, kila mmoja mawili, wanawake watano, kila mmoja moja. Fungu langu likatoka mita 25 kwa 25. Nilikwenda kulipima kwa miguu. Ndani yake mna mkarafuu mmoja na nusu, maana wa pili umesimama mpakani na mdogo wangu. Tukacheka, kisha tukaliacha shamba bila kuligawa, tukawa tunachuma pamoja. Kaka wa mwisho amekwisha kata pembe akajenga. Sasa chukua fungu la mita 25 kwa 25, umwekee mwenye watoto kumi, ufanye hesabu mwenyewe.

Nisiwe mwongo, wingi wetu ulikuwa na raha yake, na siwezi kuukana. Msimu wa karafuu baba hakumlipa mtu hata pishi moja. Wavulana juu na kamba zao, sisi chini na pakacha, usiku tumeizunguka taa ya chemni tunachambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule, na baba anatia hadithi ili tusisinzie. Kiwingu kikitokea, kabla tone la pili halijaanguka majamvi yote ya karafuu yamekunjwa. Majirani wenye watoto wawili zilikuwa zikiwalowa. Na baba alipougua miezi mitano, hakulala hospitali usiku hata mmoja bila ya mtoto wake chini ya kitanda. Tulikuwa na zamu, na aliyekuwa Tanga alituma nauli ya aliyekuwa Wete. Anayekwambia familia kubwa haina faida hajauguliwa.

Ila wakati ule mtoto wa miaka minane alikuwa mikono. Leo ni sare, twisheni, madaftari, na nauli ya kwenda Unguja akifaulu. Mikarafuu ni ile ile.

Sasa nakuja kwa linaloniuma. Mimi ni wa pili kuzaliwa, lakini ndiye mwanamke wa kwanza. Waliozaliwa dada wakubwa wananielewa. Nilianza kubeba mgongoni nikiwa na miaka saba. Aliyenifuata, na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo. Skuli yetu ilikuwa na mikondo miwili. Mimi naingia asubuhi, mdogo wangu mchana, na sketi ya buluu ilikuwa moja. Basi tulikutana chini ya mfenesi nyuma ya skuli, mmoja kashika kanga kama pazia, mwengine anavua, tunabadilishana mbio mbio, sketi bado ina joto la aliyeivaa. Siku mwalimu akituzuia darasani dakika kumi, mwenzangu alikula fimbo ya kuchelewa. Hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye nilikuwa nalia.

Nikafika kidato cha pili. Mama akajifungua wa tisa, damu ikamtoka isisimame. Tumbo lililozaa mara nyingi huchoka kujikaza, wakunga wanalijua hilo vizuri. Alirudi nyumbani hai, alhamdulillahi, lakini miezi mingi alikuwa hawezi kuinua ndoo. Hakuna aliyeniambia niache skuli. Nilikosa wiki moja, nikakosa ya pili, basi, ikawa ndiyo imetoka. Kaka yangu mkubwa aliendelea. Na baada ya hapo mama alizaa wengine wawili.

Wazee wetu husema kila mtoto huja na riziki yake. Naamini. Riziki ya wadogo zangu ilikuja kweli, ila ilipita mgongoni mwangu, na mimi sikuulizwa. Ndiyo maana nikisikia mtu anauliza kama kuzaa wengi ni dhuluma, simtazami yule mgeni na mluzi wake. Namtazama mtoto wa kike wa kwanza wa nyumba ile.

Haya, ya kufanya. Mie si shekhe, wako muulize. Lakini nilivyofundishwa, aya inayokataza kuua watoto kwa kuogopa umasikini inazungumzia waliokwisha zaliwa, na masahaba wamepokewa kwamba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, Mtume yuko hai. Miaka miwili kamili ya kunyonyesha imo ndani ya Qurani. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyengine. Wote wawili wanakutajia muda ule ule. Kwa hiyo kabla hujabishana na mumeo kuhusu kumi au wanne, anzeni na nafasi. Akitaka kumi, mwambie sawa, ila kwa nafasi. Ataipiga hesabu mwenyewe.

Dispensari nendeni wawili mkaulizie njia za kupanga uzazi. Msimtume jirani akuulizieni. Vidonge vya majira, sindano, kijiti, kitanzi, kila kimoja kina tabia zake na kila mwili una wake. Mimi kijiti kilinitoa matone ya damu miezi sita, nikaenda kukitoa nikabadilisha, basi. Sikufa, wala hakikunipotelea mwilini kama wanavyohadithia visimani. La mama mkwe mwachie mtoto wake akalizungumze. Wewe ukilisema utaitwa mwanamke wa mitandao.

Na mumeo mpe mtihani mmoja mdogo tu. Mwambie ataje kila mtoto yuko darasa la ngapi na mwalimu wake nani, bila kukutazama usoni. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini siku aliyompeleka mdogo wangu kuandikishwa aliandikisha jina la mwengine, ambaye tayari alikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tukilicheka hilo mpaka mazikoni kwake. Mwanamme akiwajua wawili bila kubabaika, mpe wa tatu.

Siku ya sensa ya 2022 nilikuwa kwa mama. Karani akaingia na kishikwambi chake, akauliza waliolala humu usiku wa jana ni wangapi. Mama akamjibu, "Waliolala ni wawili. Waliotoka humu ni kumi na mmoja." Karani akasema anaandika waliolala tu. Wengine wako Unguja, Tanga, Dar, mmoja Muscat. Wawili ni mama na mjukuu, binti wa miaka kumi na mbili, aliyeletwa akae na bibi amtekee maji.

Mimi nimezaa wanne. Nilikuwa najisifu kwa hilo, nikijiona nimejifunza. Basi juzi, baada ya kuondoka yule mwanangu wa kaka, nikamuuliza binti yangu mkubwa, ana miaka ishirini na moja sasa. Alikuwa ukumbini anamsuka mdogo wake ukili, kichwa kakibana baina ya magoti, chanuo kinywani. Nikamwambia, hebu niambie kweli, mimi nimekubebesha?

Akatoa chanuo mdomoni. "Watatu sisi tulikuwa sawa, mama. Huyu wa nne hukuniuliza." Akarudisha chanuo, akamwambia mdogo wake ainamishe kichwa.