Kabla hujaigawa namba kubwa, iangalie kwanza

Nyie mnaoanza kucheza na namba kubwa, ngoja niwape nilivyochemka mimi. Nilikuwa natafuta vigawanyo vya 2^67 − 1 (2 kwa kipeo cha 67, toa 1), nikaiingiza kwenye spredishiti ikaniletea 147573952589676000000, nikafurahi, nikaandika kabisa kwenye daftari kwa peni: inagawanyika kwa 5, kwa 10, kwa milioni. Kumbe ile programu inashika tarakimu 15 tu, zilizobaki inajazia sifuri na wala haikwambii. Na ningetuliza akili ningeshtuka, maana vipeo vya 2 mwisho wake unazunguka 2, 4, 8, 6 halafu inarudi tena 2, sasa 67 gawa kwa 4 baki ni 3, kwa hiyo 2^67 inaishia na 8, toa 1 ni 7. Inayoishia na 7 itagawanyikaje kwa 5 jamani?

Namba yenyewe ni 147573952589676412927. Python (lugha ya kuandikia programu) inakupa yote bila kukata, ila kipeo weka nyota mbili, yaani 2**67-1, ukiandika 2^67-1 hivyo hivyo inakujibu 64 (yalinikuta pia).

Kingine, msikimbilie kugawa kwa 3, 5, 7, 11 mpaka usiku. Kama p ni namba tasa isiyo 2, kila kigawanyo tasa cha 2^p − 1 lazima kiwe kizidisho cha 2p ukaongeza 1. Chukua 2^11 − 1. Mara mbili ya 11 ni 22, basi cha kwanza kujaribu ni 23, na huhitaji hata kuijua namba yenyewe, tembea na mabaki tu: 2^5 ni 32, toa 23 baki 9, 2^10 ni 9 mara 9 yaani 81, toa 69 baki 12, 2^11 ni 24, baki 1. Ukitoa 1 inabaki sifuri, imegawanyika, imeisha hiyo.

Halafu kujua namba siyo tasa na kuvijua vigawanyo vyake ni kazi mbili tofauti, hapa wengi wanachanganya. Mersenne, mtawa Mfaransa aliyependa hisabati, mwaka 1644 aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo akidhani 2^67 − 1 ni tasa, mwanahisabati Mfaransa Lucas akaonyesha mwaka 1876 kwamba siyo, ila kigawanyo hata kimoja hakuwa nacho. Mpaka 1903 ndio mwanahisabati Mmarekani Cole akatoa vigawanyo vyenyewe, 193707721 × 761838257287, na inasimuliwa alizidisha ubaoni kimyakimya akarudi kukaa, na kwamba ilimla Jumapili za miaka mitatu. Kwa mkono!

Nyie anzeni na 2^23 − 1, cha kwanza kujaribu ni 47, na msiguse kalkuleta.